Mavi ya Chuma

Ukipita Embu upande wa jua kali ukaona mwanamume amefungwa plasta karibu vidole vyote, anashika kikombe cha chai kwa viganja viwili, usimpe pole ya ajali. Si bodaboda iliyonigonga. Ni mkufu. Mkufu wa shingoni, wa akina mama. Na bado haujaisha.

Kazi yangu ni mageti. Mageti, grili za madirisha, na vile vitanda vya bweni vinavyolia mwanafunzi akigeuka. Nina mashine ya weldi, nina grainda, nina drili. Stima ikiwepo mimi ni fundi. Stima ikipotea mimi ni mtu amekaa. Hayo maisha nilikuwa nimeyazoea na hayakuwa yananisumbua.

Sasa nina mpwa, mtoto wa dada yangu. Alienda chuo kikuu kusomea akiolojia. Familia ilifanya harambee, tukala pilau, tukapiga picha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza hiyo kitu mtu hula nini akimaliza. Namuita Profesa. Hajamaliza mwaka wa mwisho lakini kutuma watu anajua tayari.

Akaja kibandani siku moja. "Anko, wewe ni fundi wa chuma, si ndiyo?"

Wateja walikuwa wawili pale wananisikia. Ningesemaje? Nikasema ndiyo, tena wa miaka mingi.

Akatoa simu. Akanionyesha wazungu wa Denmark, mahali panaitwa Lejre, ambapo tangu 1964 watu wanajenga nyumba za udongo na nyasi, wanavaa matambara, wanapuliza moto na kufua vitu vilivyofuliwa zamani za mababu zao. Mwingine anatengeneza mapambo ya Waviking. Hao Waviking ni wale wa meli za Ulaya kaskazini, karne ya 8 hadi ya 11, waliokuwa wanavamia na kuuza, wakati mwingine siku hiyo hiyo. Wanawake wao walikuwa wanabana gauni kifuani kwa bizimu mbili za umbo la yai, na kati ya bizimu moja na nyingine shanga zinaning'inia. Wamezipata makaburini.

Nikamuuliza, "Si wameshazipata? Sasa wanatengeneza zingine za nini? Wamekosa maduka?"

Akanieleza polepole, ile sauti ya kuelezea mtoto au mwanasiasa. Kitu kikitoka ardhini hakisemi kilivyotengenezwa. Unaona waya wa fedha. Ulivutwa kwenye tundu, au ulipigwa nyundo, au ni kibamba kilichosokotwa? Kila njia inaacha alama zake. Waya uliovutwa una mikwaruzo inayokwenda urefu wote, sambamba. Uliopigwa una vibapa vya nyundo. Uliosokotwa una mstari unaozunguka. Lakini huwezi kuzijua alama mpaka mtu atengeneze wa kwake, kwa njia unayoijua, halafu uweke zote mbili chini ya hadubini.

"Na huyo mtu," akasema, "ndiye nimemjia."

Akanibeba mpaka Meru. Nauli nililipa mimi, sijui ilikuwaje. Pale daraja la Nithi nikafumba macho nikaomba, maana lile daraja linajulikana, na nikifa nikienda kuangalia mkufu mazishini watasema nini? Tukaingia makumbusho ya Meru, lile jengo la mawe lililokuwa ofisi ya DC wakati wa mkoloni. Uani kuna nyumba za kienyeji za mfano. Ndani kuna vioo. Profesa akanisimamisha mbele ya mkufu mmoja wa chuma, pete ndogondogo zimeshikana, nyembamba, nyeusi.

Nikacheka. "Hii? Nipe nusu saa."

Akaandika kwa daftari. Kila ninachosema anaandika. Mpaka leo hiyo nusu saa anayo kwa maandishi.

Lazima nikwambie nilipata wapi kiburi. Mimi ni Mmeru, nimeoa Mbeere. Sisi tunasimuliwa tulitoka Mbwaa, kisiwa cha pwani, tukiwakimbia Nguo Ntune, wale wa nguo nyekundu, na maji yakapasuka tukapita. Wako wanaosema hicho kisiwa ni Manda, pale Lamu. Nikajiambia, watu waliopasuliwa bahari watashindwa na mkufu?

Nikamwambia Profesa hivyo. Nilidhani nitamnyamazisha. Akasema Manda imechimbwa, Neville Chittick alianza kuichimba miaka ya 1960, na ni mji wa karne ya 9, yaani wakati huo huo wa Waviking. Ati Mviking alikuwa anayeyusha dirhamu za Waarabu apate bangili ya fedha, na mtu wa Manda anapokea vyombo na shanga za kioo kutoka Ghuba, hawajuani, lakini biashara ni ile moja. Mimi nilikuwa nimesema tu maji yalipasuka.

Halafu masharti. Hakuna stima. Hakuna grainda. Hakuna weldi, hakuna chuma cha duka. Chuma tutakitafuta wenyewe, kwenye mchanga.

Nikasema mchanga gani una chuma? Akasema kule kwa wakwe zako.

Wah. Hapo ndipo nilipoanza kuumwa na tumbo. Babake baba mkwe wangu alikuwa mhunzi, wao humwita muturi, na wahunzi huku hawakuwa watu wa kuchezewa. Laana ya mhunzi wazee wanakwambia haina dawa. Mimi mahari sijamaliza. Sasa niende huko kufufua tanuri?

Tukaenda. Mzee yuko chini ya mti wake na wazee wenzake, shavu limejaa muguka. Profesa akaeleza. Mzee akaniangalia kutoka kwa viatu mpaka kichwani, akarudi tena kwa viatu. Akasema, "Huyu?"

Hilo tu.

Kumbe kweli mchanga una chuma. Mvua ikinyesha inaosha vilima, na kwenye vijito unabaki mchanga mweusi, mzito, unang'aa kidogo. Unauchota kwa kibuyu kilichokatwa, unatikisa na maji, mchanga mwepesi unaenda, mweusi unabaki. Ni kazi iliyokuwa inafanywa na familia nzima. Profesa ana nakala ya kitabu cha Routledge na mkewe Katherine, cha 1910, kuhusu Wakikuyu, ambapo mambo ya mchanga na tanuri yameandikwa. Ana pia cha Jean Brown cha 1995, yule aliyewaandika wahunzi wa Kenya kila pembe. Anavibeba kwa karatasi ya nailoni. Mimi nimebeba kibuyu.

Basi niko mtoni, suruali nimepandisha mpaka magotini, na mama mkwe anapita na kuni. Kwetu na kwao, hiyo haifanywi. Mkwe haonyeshi mama mkwe magoti. Nikakaa ndani ya maji haraka, ili nijifiche. Yakanifika kifuani. Nikasalimia nikiwa humo. Akaitikia bila kunitazama, akaenda, na mchanga wangu wote wa asubuhi ukaenda upande wa bahari.

Nikaona hii haiendi. Nyumbani nilikuwa na sumaku kubwa, ya spika iliyoungua. Mchanga mweusi na sumaku ni ndugu. Kesho yake nikaja nayo mfukoni, nikitaka tu kusaidia sayansi iende mbio. Niko pale nainama, naona naendelea vizuri. Mzee akaja na koleo la babake kutuonyesha. Alipokaribia, lile koleo likaruka likajibandika kwenye paja langu. Taa! Wazee wakasimama. Mmoja akatema muguka. Walidhani marehemu amenitambua.

Profesa akaingiza mkono mfukoni mwangu mbele ya watu wote, akatoa sumaku, akaandika.

Twende tanuri. Tanuri ni ya udongo, imechimbiwa chini, na mirija ya udongo ya kuingiza hewa. Mvukuto ni ngozi ya mbuzi. Mbuzi nilinunua mimi. Nyama walikula wazee. Unafungua ngozi, unajaza hewa, unakandamiza, mkono wa kulia halafu wa kushoto, bila kusimama, maana ukisimama moto unapoa na kila kitu kinaanza upya. Makaa yanaingia, mchanga unaingia, makaa tena. Gunia la makaa unajua ni pesa ngapi sasa? Tuliyamaliza, tukaagiza mengine, tukayamaliza. Mimi kwenye mvukuto. Nilijaribu kumpa kijana mmoja mia mbili anipokee, akavuta kidogo akanirudishia mia mbili yangu.

Sasa mimi nilikuwa nimejipanga. Nimeona kwa televisheni chuma kinamwagika chekundu, kizuri. Nikafinyanga kalibu ya udongo usiku, ya pete, nikaiweka pale chini, ili chuma kikitoka kiingie moja kwa moja, tumalize. Profesa akaiona, akauliza ni ya nini. Nikamwambia. Akafumba macho.

"Anko, chuma hakiyeyuki."

Mimi! Mtu wa weldi! Kila siku nakiyeyusha! Lakini ati kwenye tanuri hizi hapana. Chuma kinahitaji zaidi ya digrii 1,500 kiyeyuke, na tanuri ya namna hii haihitaji kufika huko. Karibu digrii 1,200 uchafu ndio unayeyuka na kutiririka, na chuma kinabaki humo ndani bonge, kigumu lakini kimejaa matundu, na bonge hilo ndilo unalipiga nyundo likiwa jekundu mpaka litoe uchafu uliobaki. Kalibu yangu ilikanyagwa na kuku.

Tulipobomoa tanuri tukatoa kitu. Cheusi, kina matundu, kizito kiasi. Nikakibeba mpaka kwa mzee. Nilikuwa na machozi, sikatai, moshi pia ulikuwepo. Akakigonga na kijiwe, kikavunjika. Akasema, "Mavi ya chuma."

Mama mkwe akacheka huko jikoni. Nilimsikia.

Profesa akanifariji. Akasema hata Buhaya, kule Kagera, mwaka 1976, Peter Schmidt aliwaomba wazee waliokuwa hawajayeyusha chuma kwa miaka mingi sana wajenge tena tanuri, na nao hawakufaulu mara moja. Wakabadilisha, wakajaribu tena, wakapata, na chuma chao kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua. Schmidt na Donald Avery wakachapisha 1978, dunia ikashangaa. Nikauliza hao wazee walikuwa wameshawahi kuyeyusha hata mara moja maishani? Akasema ndiyo, ujanani. Basi huo si ufariji. Mimi ujanani nilikuwa nauza karanga.

Na mimi nakwambia, simlaumu yeyote aliyeacha hiyo kazi. Misafara ilipoanza kupanda kutoka pwani na masango ya shaba na chuma, halafu mzungu akaja na vyuma vyake vya bei rahisi, mhunzi wa huku akaangalia mchanga, akaangalia makaa, akaangalia waya uko tayari umekunjwa. Ungekuwa wewe? Watu wanadhani mitumba ilianza na nguo. Kufua waliendelea kufua, visu, mikuki, mapanga. Kuosha mchanga na kupuliza tanuri ndiko kulikokufa, na nimekaa kwenye ule mvukuto, ninajua kwa nini.

Profesa akakubali, kwa uchungu, tutumie nondo. Alirekodi hilo kwa wino mwekundu. Nikafurahi. Nondo naijua. Nondo ni rafiki.

Ndugu yangu. Nondo unaipasha moto, unaifua, unaipunguza mpaka iwe nyembamba, yote kwa nyundo. Halafu kuna bamba la chuma lenye matundu, kubwa, ndogo, ndogo zaidi. Unachonga ncha, unaipitisha tundu la kwanza, unaikamata na koleo kwa upande wa pili, unavuta. Mafuta ya kondoo unapaka, usikwaruze. Ukishavuta, waya unakuwa mgumu, mkaidi, lazima uupashe tena ulainike, uingie tundu linalofuata. Niko hapo nje ya kibanda changu, barabarani, mguu umekanyaga kisiki, navuta kama mtu na ng'ombe aliyesikia kisu kinanolewa. Waya ukakatika. Nikaenda kinyumenyume, nikapita meza ya jirani wa mitumba, nikakaa kwenye beseni ya maji ya mama wa mahindi. Watoto wa shule walikuwa wanatoka. Walipiga makofi.

Mteja wa geti alikuja wakati huo kuuliza geti lake. Akaniona kwenye beseni. Akaenda kwa fundi mwingine.

Waya ukipatikana bado. Unauzungusha kwenye kijiti chembamba cha chuma, koili imekaza, unakata kwa tindo, kila mzunguko unakuwa kipete. Kipete unakifungua, unakipitisha kwa mwenzake, unakifunga. Midomo ya kipete ikutane sawasawa. Isipokutana, inanasa nguo. Ukiifunga sana, inapandana. Ukiipiga, inapasuka. Vipete ni vidogo kuliko punje ya mtama, na mimi vidole vyangu vimezoea bomba la inchi mbili. Miwani nilikopa kwa mchungaji.

Na sasa hapa ndipo penye jambo lililonifanya niache kulala. Vipete vyangu vizuri, vile vichache vilivyokutana midomo, Profesa alikuwa anavitazama anasema "sawa, Anko," anaviweka kando. Vile vilivyopasuka! Vile vilivyopindana! Vijiti vya waya vilivyokatika na mkia! Hivyo alikuwa anavipokea kwa mikono miwili. Anaviweka kimoja kimoja kwenye vifuko vya plastiki, anaandika tarehe, anaandika namba. Na yale mavi ya chuma ya kwa mzee, aliyafunga kwa pamba akayabeba mapajani mpaka Nairobi.

Nikamuuliza kulikoni. Akasema, Anko, kitu kizuri kilivaliwa kikaenda, kikauzwa, kikarithiwa. Kilichobaki pale fundi alipokaa ni takataka. Akatoa mfano wa Tumbe, Pemba, mahali pa karne ya 7 hadi ya 10. LaViolette na Fleisher walichimba wakapata vigae vya vyungu vyenye mifereji kwa maelfu, vya kusugulia shanga za kombe ziwe duara. Maelfu! Shanga zenyewe za kombe, chache tu. Zilishaondoka kwa shingo za watu. Na huko Ribe, Denmark, mji wa sokoni wa wakati wa Waviking, wanachookota ni vipande vya kalibu na vibaki vya kioo cha kuyeyushwa kiwe shanga. Kwa hivyo mtu akitaka kujua fundi alikaa wapi, lazima ajue makosa ya fundi yanafananaje. Na ili ajue makosa yanafananaje, anahitaji mtu wa kuyafanya.

"Na wewe, Anko, unayafanya vizuri sana."

Alisema kwa heshima. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Wenzetu wengine hata hivyo wana bahati. Gotland, Sweden, mahali panaitwa Mästermyr, mwaka 1936 mkulima alikuwa analima akagonga sanduku la fundi wa wakati wa Waviking. Ndani vitu zaidi ya 200, nyundo, koleo, misumeno, tupa, vyote salama tangu zama hizo. Niliona picha yake nikashikwa na wivu. Sanduku langu mimi, siku nitakayokufa, litakuwa limepimwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla matanga hayajapata turubai.

Mkufu ulipofika urefu wa kuzunguka shingo ya mtu mwembamba, mke wangu akauvaa kanisani. Sikumtuma. Alisema chuma cha kwao amekivaa, asimulie nani. Ibada ilikuwa ndefu, jua kali, jasho. Alipofika nyumbani alikuwa na mstari wa kutu shingoni na mwingine kwenye kola nyeupe. Bwana wee, sikula chakula cha mchana. Sikula cha jioni.

Shosho yake ndiye aliyeniokoa. Akauliza, "Alijipaka mafuta?" Kumbe zamani watu walikuwa wanajipaka mafuta ya mbarika, mwili mzima, na chuma kinakunywa hayo mafuta siku zote, kinabaki cheusi, kinateleza, hakili kutu. Mke wangu alikuwa amejipaka ile losheni yenye harufu ya nazi. Profesa kusikia hivyo akapiga yowe, akataka kola. Kola! Ameibeba, imo kwenye kifuko, ina namba. Na mimi nimenunua gauni.

Basi juzi akanipigia. Amewasilisha kazi yake chuoni, vifuko vyangu vyote mezani, na picha yangu kwenye beseni ukutani, kubwa. Walimu wamefurahi. Kuna kipete kimoja, namba arobaini na kitu, kilichopasuka upande wa ndani kwa namna fulani ya kipekee, na wanataka vingine kumi vya hivyo hivyo, walinganishe. Safari hii kuna malipo kidogo.

Malipo! Nikafunga kibanda mapema. Nikapasha waya, nikauzungusha, nikakata, nikafunga. Kipete kikatoka duara, midomo imekutana, hakuna ufa. Nikajaribu kingine. Duara. Nikapiga nyundo kwa hasira. Kikakaa tu. Nikawasha taa, nikaendelea mpaka mbwa wa mtaa wakalala, na kila kinachotoka ni kizuri, kinang'aa, hakina thamani yoyote. Vimejaa kopo la blubendi.

Nikampigia Profesa. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo kwa simu, nikasikia anaandika.

"Anko," akasema, "jaribu na mkono wa kushoto."